Herufi Niliyoiacha

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa kabati langu la zana hangarini, nikasaini daftari, nikapewa soda ya chungwa na karatasi yenye muhuri. Jeanine, fundi anayekaa sasa kwenye meza yangu, aliniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu otomatiki za ndege ndogo za zamani, kwa sababu vitabu vya mitambo hiyo karibu vyote vimeliwa na mchwa, na mafundi tunaozijua hapa Bujumbura tumebaki wachache sana. Nimekubali. Ila nawaonya mapema, Jeanine na wenzako, kwamba kati ya habari za waya na mota kuna jambo ambalo sikuwahi kuliandika, na mimi naona bila hilo mengine yote yana faida ndogo.

Nilianzia Buyenzi, kwenye duka la baba la kutengeneza redio. Miaka ya vita, fundi umeme wa hangari alikimbilia nje na familia yake, na mtu mmoja aliyekuwa amemletea baba redio akauliza kama kuna kijana wake asiyeogopa waya. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe, lile la Idi. Hadi adhuhuri lilikuwa jeusi mgongoni, kwa sababu nilikuwa nimelala chali chini ya dashibodi ya ndege, miguu imening'inia nje mlangoni, na mafuta ya zamani yakinidondokea shingoni.

Aliyenilaza pale ni Papa Byamungu. Alizaliwa Bukavu, akajifunza kazi kwenye ndege za wamisionari kabla hajavuka mpaka kuja kuishi Kanyosha. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo, na shingoni alifunga kwa uzi kioo kidogo cha daktari wa meno. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa kama najua kusoma. Niliudhika, maana nilikuwa nimemaliza shule. Akanipa tochi na kile kioo, akaniambia niingie chini nimletee namba iliyo kwenye kibao cha bati nyuma ya kifaa kiitwacho upeo wa bandia. Nilirudi na namba. Akasema si hiyo. Nikarudi tena, tena si hiyo. Kwenye kioo maandishi hugeuka, na mimi nilikuwa nasoma kama mtu anayesoma gazeti. Mara ya nne nilinakili kila alama kama nilivyoiona, nikatoka nje, nikaigeuza kwenye karatasi. Ndipo aliponiruhusu niende kuswali.

Kwa mgeni wa kazi hii, niseme kwanza otomatiki ni nini. Ni mtambo unaoishika ndege badala ya mikono ya rubani, ili apate kupumua au kutazama ramani. Kwenye ndege za umri wangu ulikuwa umegawanyika sehemu nne. Kuna kichwa, yaani kisanduku chenye swichi na kitufe cha kuzungusha, ambacho rubani anakiona mbele yake. Kuna upeo wa bandia, wenye gurudumu linalozunguka kwa kasi ndani yake, na huo ndio unaojua ndege imelala upande gani hata mawingu yakifunika kila kitu. Kuna boksi la umeme, mara nyingi chini ya kiti, linalopokea habari kutoka kwenye upeo na kuamua. Na kuna mota, ndani kabisa ya bawa, inayovuta kamba za chuma.

Papa Byamungu alinifundisha kwamba kichwa hakikuambii lolote juu ya vingine. Ndege hizo zilikuwa zimepita kwa wamiliki wengi kabla ya kutufikia, na kila mmoja alibandika chake. Unakuta kichwa cha kampuni moja, boksi la nyingine, na mota iliyotolewa kwenye ndege iliyoanguka mahali fulani Afrika Kusini. Kwa hiyo kabla ya kugusa bisibisi unasoma vibao vyote vinne, unaandika, unakaa chini, unajiuliza kama vinne hivyo vinafahamiana.

Somo hilo lilinigharimu aibu mapema. Ililetwa ndege iliyokuwa inavuta kushoto kila otomatiki ikiwashwa. Mimi mtoto wa redio nilichukua mita yangu nikaanza kutafuta umeme. Nilitafuta siku mbili. Nilifungua plagi, nikapima waya mmoja mmoja, nikalaumu betri. Siku ya tatu Papa Byamungu alipita, akaweka sikio kwenye bawa, akaniuliza kama nimekwisha kusoma kibao cha mota. Sikuwa nimesoma. Mota haikuwapo kabisa. Otomatiki ile ilikuwa ya kunyonya hewa, yenye mifuko ya mpira inayojaa na kunywea, na haikutumia umeme hata wa kuwasha balbu. Nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo ndani ya bomba la upande mmoja. Tulitoa nyumba ya nyigu kwa waya wa mwavuli, kazi ya dakika kumi. Papa hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Nyingine ilitikisa mabawa muda wote, kulia, kushoto, kulia, mpaka abiria wakatapika. Hapo boksi lilikuwa zima, upeo mzima. Kamba ya mota ilikuwa imelegea, basi kila mota ilipovuta ilichelewa, ikavuta kupita kiasi, ikarudi. Mkikuta ndege inayotikisika, tazameni kamba na grisi iliyokauka kabla hamjaagiza boksi jipya kutoka Ulaya. Boksi huja baada ya miezi mitatu, na kamba bado inalegea.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Papa hakulisamehe. Upeo wa bandia ukibadilishwa, usiufunge skrubu kwanza. Uwashe ukiwa bado mkononi mwako, usubiri gurudumu lishike kasi, washa otomatiki, kisha uulaze upeo kushoto kwa mikono. Usukani wa rubani unapaswa kuzunguka kulia, maana otomatiki inadhani ndege inaangukia kushoto na inataka kuiinua. Usukani ukizunguka kushoto, upeo huo si ndugu wa boksi hilo. Kuna upeo wenye umbo lile lile, plagi ile ile na namba ile ile, lakini unasema kinyume, au unatumia umeme mkali kuliko wa mwenzake. Kiwandani waliutofautisha kwa herufi moja tu mwishoni mwa namba. Jaribio hilo ni la dakika tano. Dakika tano hizo nawaomba mzikumbuke.

Papa Byamungu aliacha kazi macho yalipoanza kufifia kwa ugonjwa wa sukari, nami nikabaki peke yangu na zile sehemu nne. Wakati huo ndege niliyoihudumia zaidi ilikuwa ya injini moja, ya shirika dogo lililopeleka dawa kwenye vituo vya afya vya kusini mwa ziwa. Rubani wake aliitwa Kapiteni Venant.

Alikuwa mrefu, mwenye kukunja mgongo akiingia, na alifuta viatu kabla ya kukanyaga bawa. Marubani wengi humtupia fundi karatasi yenye neno moja, "mbovu", wakaondoka. Venant alikaa. Alikula nasi ndagala na bugari, yaani dagaa na ugali, chini ya bawa, na alitaka kujua kila kitu kilikaa wapi na kilizimwa vipi. Nilimwonyesha mwenyewe fizibo ya otomatiki, kitufe kidogo cheusi unachokivuta nje kukata umeme wake, chini kulia, kati ya vitufe kumi na vinne vinavyofanana. Alifumba macho, akakitafuta kwa vidole mpaka akakipata, akarudia mara kadhaa. Aliishi Mutanga Nord na mke wake Consolata na binti yao mdogo, Inès. Alikunywa bia siku za sherehe, kama wengi. Mimi ni Mwislamu wala sinywi, lakini sikuwahi kumsikia ana harufu kazini.

Upeo wa ndege yake ulichoka. Ulilala upande kila alipowasha injini, ukachukua robo saa kusimama. Tuliagiza mwingine kwa muuzaji wa nje. Ulipofika ulikuwa safi, umefungwa kwenye sponji, na juu ya kibao chake walikuwa wamebandika karatasi nyekundu ya kusema umekaguliwa. Karatasi ile ilifunika mwisho wa namba.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Kusini kulikuwa na kipindupindu, na maboksi ya serumu, maji ya kuwatundikia wagonjwa, yalikuwa yamepangwa sakafuni tangu jana yake. Mkuu wa hangari alikuja mara mbili kuuliza bado nini. Nilisoma namba mpaka pale karatasi ilipoanzia, nikaona ni ile ile. Plagi iliingia bila kulazimishwa. Niliufunga upeo skrubu zote nne, na nilipomaliza ya nne nikakumbuka jaribio. Ili kulifanya ingebidi nifungue zote tena. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu, nami sikufungua. Niliwasha umeme, nikazungusha kitufe cha kichwa kulia, usukani ukaenda kulia. Nikazungusha kushoto, ukaenda kushoto. Jaribio hilo linapima kichwa, boksi na mota. Upeo haliuulizi chochote, na mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote katika mji huu. Nikasaini kitabu cha ndege.

Venant aliniuliza, "Yusufu, iko sawa?"

"Iko sawa, Kapiteni."

Hakuuliza zaidi, kwa sababu ni mimi niliyejibu.

Aliondoka angani kukiwa kweupe. Hali ya hewa ikiwa nzuri alipenda kuendesha kwa mikono, kwa hiyo kwenda alifika salama, akashusha serumu, akageuza. Alasiri mawingu yalikuwa yameshuka kutoka milimani mpaka juu ya ziwa. Alizungumza na mnara wa uwanja wa ndege akasema anashuka. Ninaamini aliiwasha otomatiki akiwa ndani ya wingu, apate kutazama karatasi zake za kutua. Baada ya hapo mnara haukumsikia tena.

Wavuvi wa Ruziba ndio waliomwona. Walisimulia kwamba ndege ilitoka winguni imelala ubavu, bawa moja likitazama maji, kisha ikaanza kujinyoosha. Ilikaribia kabisa kunyooka. Kisha ikapiga maji.

Walimpata Venant siku ile ile, wakamzika Jumapili. Mimi nilisimama mbali, karibu na ukuta. Mabaki ya ndege yaliinuliwa siku ya tano, kwa sababu pale kina si kirefu sana, wakayaweka juu ya turubai kwenye kona ya hangari letu. Walikuja mabwana wawili wa tume ya uchunguzi, watu wa adabu, ambao ndege ya umri ule hawakuwa wameigusa. Wakaniomba mimi niwatambulishie kila kifaa kwa jina na namba. Hapakuwa na mwingine wa kuombwa.

Waliniacha na mabaki asubuhi nzima. Maji ya Tanganyika yalikuwa yamebandua ile karatasi nyekundu. Kibao cha upeo kilikuwa wazi, na mwishoni mwa namba palikuwa na D. Boksi la chini ya kiti lilitaka B; wa D husema kinyume, tena kwa umeme mkali. Niliisoma herufi ile kwa kioo, nikaisoma kwa macho, nikaigusa kwa kucha.

Nikatazama vingine. Swichi ya kuzima otomatiki ilikuwa imebonyezwa, lakini ndani yake vyuma vya kugusana vilikuwa vimeyeyuka vikashikana, kwa ule umeme mkali. Yaani alizima, na mtambo haukusikia. Kisha nikatazama chini kulia. Kati ya vitufe kumi na vinne vya fizibo, kumi na vitatu vilikuwa ndani. Cha otomatiki kilikuwa nje. Kingejitoa chenyewe kwa joto kingekuwa na alama ya kuungua, nacho kilikuwa safi. Kilivutwa kwa vidole. Ndani ya wingu, ndege imelala ubavu na usukani unapigana naye, Venant alijua ugonjwa ni upi. Alijaribu dawa ya kwanza ikashindwa, akanyoosha mkono gizani mwa dashibodi akakipata kitufe kimoja kati ya kumi na vinne. Ndiyo maana wavuvi waliona inajinyoosha. Alikosa mita chache tu za hewa chini yake.

Mabwana wa tume waliporudi waliniuliza otomatiki ilikuwa ya aina gani na kama ilikuwa na kasoro. Niliandika jina la mtengenezaji na namba ya kila sehemu. Ya upeo niliiandika bila herufi. Juu ya fizibo sikuandika kitu, kwa sababu atakayeuliza habari za fizibo atauliza swichi, na wa swichi atafika kwenye upeo, na wa upeo atafika kwangu. Nilikuwa na watoto wanne na leseni moja. Niliogopa. Sina neno jingine la kuweka hapo, ingawa nimelitafuta miaka mingi.

Ripoti ilisema rubani alipotewa na mwelekeo ndani ya wingu. Mji ukaimalizia ripoti wenyewe. Jumamosi iliyotangulia kulikuwa na harusi jirani yao, na Venant alikuwa amecheza na chupa mkononi, watu wengi walimwona. Kabla ya siku arobaini, kila mtu alijua ameanguka kwa ulevi. Nilisikia kwenye basi, nikasikia kwa kinyozi, nikasikia hangarini kwetu kutoka kwa watu waliokula naye. Niliendelea kufunga skrubu. Consolata aliacha kwenda kwaya. Mtu wa parokia yao aliniambia kwamba Inès alirudi kutoka shule siku moja akamuuliza mama yake mlevi maana yake nini.

Nilikwenda Kanyosha kwa Papa Byamungu. Alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, haoni tena hata kivuli, na binti yake alikuwa akichambua maharage pembeni. Nilimweleza kila kitu kama mgonjwa anavyoeleza, nikianza na mambo madogo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja, niliandika nini mwishoni mwa namba ya upeo.

"Sikuandika, Papa."

"Kazi yetu ni kusoma," akasema. "Mutu akikosea kufunga, sawa, ni mutu. Lakini we ulisoma, kisha ukafunga mudomo. Ile si kosa. Enda uiseme."

Nilimwambia nitaisema. Nilirudi kwake mara tatu baadaye, na kila mara aliuliza kama nimekwenda, nami nikatoa sababu. Mara ya nne binti yake alitoka mlangoni akaniambia, kwa haya, kwamba baba amepumzika. Nilimsikia akikohoa ndani. Alikufa mwaka uliofuata. Nilibeba jeneza lake pamoja na wengine, na nilijua kwamba angekuwa na uwezo angeniambia niliachie.

Miaka iliyofuata nilikuwa fundi mgumu kuliko wote. Nilibandua kila karatasi iliyobandikwa kwenye kila kibao. Sikumruhusu mtu kufunga skrubu ya upeo kabla sijaulaza mwenyewe mkononi, hata waziri awe anasubiri kwenye kiti cha nyuma. Nyinyi mliniita Mzee Kibao, mkidhani mnanisifu, na siku moja mgeni wa semina alinitaja mbele ya watu kama mfano wa uangalifu. Watu walipiga makofi. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya pipa la mafuta mpaka makofi yaishe, nikarudi kukaa.

Wiki moja baada ya kurudisha ufunguo niliandika barua. Niliweka namba kamili, swichi, fizibo, na jina langu, nikaipeleka kwenye ofisi inayohusika. Mtumishi wa pale aliisoma kwa makini, akaniambia faili la ndege ile lilihamishwa na mengine walipobadili jengo na hajui liko wapi, na mabwana wale wawili mmoja amefariki, mwingine yuko ng'ambo. Alinipigia muhuri kwenye nakala. Alinishukuru. Nilisimama barabarani na nakala ile, nikaona kwamba nilikuwa nimeichagua ofisi kwanza kwa sababu ofisi haina uso.

Nikapanda kwenda Mutanga Nord. Consolata bado anakaa nyumba ile ile. Alinijua mara moja, ingawa nywele zangu zimekwisha.

"Karibu, Baba Zuhura," akasema, kwa jina la binti yangu wa kwanza, kama alivyoniita zamani nilipopita kumchukua mume wake. Inès alikuwapo. Sasa ni mtu mzima, ni muuguzi, alikuwa amevaa tayari kwenda zamu. Nilikataa kiti. Niliogopa kwamba nikikaa nitaongea habari za mvua.

Nilisema yote nimesimama. Niliwaeleza upeo ni nini na herufi ni nini, karatasi nyekundu, jaribio nililoliruka, swali la Venant na jibu langu. Niliwaeleza nilichokikuta juu ya turubai. Nilisema kwamba hakuwa amelewa, kwamba mtu aliyelewa hawezi kukipata kitufe kile, na kwamba mimi nilijua hivyo tangu siku ya tano. Consolata alikuwa ameshika kiti nilichokikataa. Hakulia. Aliuliza tu kama ni kweli nilikuwepo kwenye maziko.

Nilisema ndiyo, karibu na ukuta.

"Mi nilikuona," akasema. "Nikasema, ule mutu alimupenda sana bwana yangu, tazama anavyolia."

Aliingia ndani, akatoka na daftari la shule na kalamu. Akaniambia niandike tena pale, kwa Kiswahili cha kila mtu, siyo cha ndege, ili awapelekee watu wa kwaya na familia ya mume wake. Niliandika kurasa mbili kwenye meza yao, wao wakinitazama. Nilipofika mwisho nikataka kuandika jina haraka, kama nilivyozoea. Akaweka kidole kwenye karatasi.

"Ile ya ndege ulisaini mbio. Hii saini polepole."

Nikasaini polepole. Akausoma ukurasa wa kwanza, akausoma wa pili, akalifunga daftari. Kisha akasema amenisikia, na kwamba nisirudi tena kwake. Alilisema bila hasira, kama mtu anayemwambia mgeni njia imefungwa. Nilimwambia nimeelewa. Msamaha sikuuomba. Njiani nilikuwa nimepanga kuuomba, lakini mbele yake niliona ningekuwa namwongezea kazi.

Inès alitoka nami kwa sababu alikuwa anachelewa zamu. Tulitembea mpaka barabara kubwa, yeye mbele kidogo. Pale kwenye kona alisimama, bado hanitazami.

"Kutoka avute ile fizibo mpaka maji, ilikuwa dakika ngapi?"

Nilimwambia dakika haikufika. Labda sekunde nne, labda tano.

"Na zile sekunde, otomatiki ilikuwa imekufa?"

"Imekufa kabisa."

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Baba yako," nikasema. "Yeye mwenyewe, kwa mikono yake."

Alitikisa kichwa kukubali, mara moja, akavuka barabara kwenda kazini.